Tuliolelewa na baba fundi Arusha na Moshi, tupeane uzoefu

Mwana wa Randa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mzee wangu tumemzika kihambani, shamba la ukoo, Kibosho mwezi uliopita. Wasifu ulisomwa kama kawaida: alizaliwa, alisoma hadi darasa la saba, alioa, alikuwa fundi seremala, ameacha mke, watoto na wajukuu. Hilo la "fundi seremala" likapita hivyohivyo. Mimi niliyekulia kwenye maranda ya mbao pale Kiusa niliona hapo ndipo wasifu ulipotakiwa kuanzia.

Sifa za mafundi wa nchi hii tunazijua. "Njoo kesho." "Umeme ulikatika." "Nilifiwa na shangazi," shangazi yuleyule aliyekufa mwaka juzi. Mzee hakuwa na hayo, na kwa sababu hiyo watu walimwona mgumu. Ukimpelekea mninga mbichi haugusi. Anaupanga kivulini, ubao juu ya ubao, katikati vijiti ili upepo upite, halafu anakwambia urudi ukikauka. Wengi walihamia kwa mafundi wanaotoa mlango kwa siku mbili. Masika yakiingia milango ile inavimba, haifungi. Jua la Januari likiwaka inasinyaa na kupinda, paka anapita. Wanarudi kwa mzee kimyakimya. Mbele yao hakusema neno. Alikuja kucheka nyumbani, bakuli la mtori mkononi.

Fremu aliziunga kwa ulimi na tundu, misumari aliiona ni ya watu wenye haraka. Desemba hatukumwona kabisa, maana Wachagga wote wanapanda kutoka Dar na kila mmoja anataka nyumba ya kihambani iwe na milango kabla ya Krismasi. Lakini tarehe 24 jioni anafunga karakana, hata aje nani.

Haya, wenye baba mafundi, leteni.

Binti Unga Limited

Pole sana kaka. Wangu alikuwa makanika hapa Arusha, na tusidanganyane, uongo alikuwa nao. Mimi ndiye niliyetumwa getini: "Baba hayupo, ameenda Moshi kufuata spea." Baba mwenyewe yuko chini ya Land Rover, miguu iko nje. Mteja anaitazama miguu, ananitazama mimi, anasema, "Akirudi Moshi mwambie nakuja kesho asubuhi."

Ila kwenye injini hakudanganya mtu. Aprili na Mei, mvua zikikolea na watalii wakipungua, magari ya safari yalikuwa yanajaa uani kwetu. Alikuwa anasimamisha bisibisi ndefu juu ya injini, mpini sikioni, macho amefumba. "Tapeti ya tatu." Wakifungua, ni ya tatu. Na mtu akija ameshashawishiwa anunue pampu mpya, baba anamwambia pampu yako nzima, kasafishe tangi tu, anampokea hela ya soda. Wakati huo ada yangu haijalipwa! Mama alikuwa anagomba, na mimi nilikuwa upande wa mama. Kusema kweli hadi leo niko upande wa mama.

Mzaliwa wa Mamba

Kwetu ni wahunzi, toka kwa babu. Siku hizi watalii wanaletwa kutazama, enzi zetu waliokuja ni Wamasai wanaotaka mikuki na sime. Chuma kilitoka kwenye spring za malori. Kibanda chetu kilikuwa na giza na watu wakidhani ni umaskini. Sivyo. Mhunzi anasoma joto kwa rangi, na kwenye mwanga wa jua rangi haionekani vizuri. Nyekundu iliyofifia, subiri. Ikifika rangi ya chungwa, piga. Ukiacha hadi ikawa nyeupe na kurusha cheche, chuma kimeungua, hakina kazi tena. Mimi nilikuwa wa mvukuto, na baba hakusema "ongeza" wala "punguza", alitikisa kichwa tu.

Mimi ni mhasibu, niko Dar. Sijui kama iliniuma mimi zaidi au yeye. Hatukuwahi kuliongea.

Mtoto wa Pasua

Baba mwashi. Akimwaga jamvi mahali, sisi ndio tunaomwagilia maji wiki nzima, alfajiri kabla ya shule na jioni tukirudi, hata kama mwenye nyumba hajali. Alituambia simenti haikauki, inaiva, na bila maji inaiva vibaya, inapasuka. Walimu walikuwa wanatuchapa kwa kuchelewa na viatu vya tope. Nikipita na mwanangu mjini namwonyesha, ukuta ule babu, ule babu. Mwanangu ameshachoka.

Relini Moshi

Mzee alikuwa fundi wa reli. Treni za abiria zilipoacha kuja aliendelea kwenda stesheni asubuhi, kutembea tu. Desemba 2019 treni ya Dar iliporudi Moshi alivaa ovaroli yake ya zamani, kifungo cha tumboni hakifungi, akaenda kuipokea. Hakuisifia. Alisema breki hazijakaa sawa.

Mama Wawili

Mzee wa breki kanivunja mbavu. Baba yangu alikuwa wa kuchomelea mageti, Ngarenaro. Ninachokumbuka ni usiku macho yakimwaka kwa ule mwanga, mama anamkandika vipande vya viazi. Miwani alikuwa nayo, imening'inia msumarini.

Mwana wa Randa

Asanteni, nimecheka na nimelia. Sasa naomba ushauri. Kwenye daftari la mzee tumekuta kitanda cha futi tano kwa sita, mteja wa Majengo, nusu imelipwa. Mteja mwenyewe alikuja msibani na hakusema kitu. Wadogo zangu wanaona tumrudishie pesa yake yaishe.

Binti Unga Limited

Pesa ya mwaka gani, kaka? Kwa bei ya mninga ya sasa, mkimrudishia nusu yake hapati hata chaga. Mbao zipo?

Mwana wa Randa

Zipo, na zimekauka. Mguu mmoja ameshauchonga.

Mtoto wa Pasua

Basi huyo anadai kitanda, hadai pesa. Alikuwa na vijana aliowafundisha?

Mwana wa Randa

Yupo mmoja, ana karakana yake Njoro. Nimempigia sasa hivi. Kasema hela ya ufundi hataki, ila nimpelekee na randa ya mzee, na nisithubutu kumpelekea misumari. Anaanza Jumatatu.