Ukarimu wa kiongozi wa kanisa: fedha inatoka mfuko upi?

Mweka Hazina, Moshi

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja ulioko mlimani, juu ya mji wa Moshi, na tangu Januari nimekabidhiwa hazina ya usharika. Kuna jambo linaloniumiza, nami naomba mnisaidie kulitafakari kwa utulivu.

Desemba iliyopita, kama ilivyo desturi yetu, watoto wa nyumbani walipanda kutoka Dar es Salaam na kwingineko kuja kula sikukuu, nasi tukaitumia nafasi hiyo kufanya harambee ya kuezeka jengo la shule ya Jumapili. Kiongozi wetu alisimama wa kwanza, akatoa shilingi milioni moja mbele ya wageni, vigelegele vikapigwa, na kwa kweli waliofuata walitoa kwa moyo. Nilipokabidhiwa vitabu nilikuta kwamba milioni ile ilitoka katika hazina ya usharika wenyewe, ikiwa imeandikwa kwenye vocha kuwa ni gharama za ofisi. Katika kitabu hichohicho niliona jina la mwinjilisti wetu, na mbele ya jina lake, kwenye safu ya posho, miezi mitatu ilikuwa mitupu. Huyo ndiye anayefungua kanisa alfajiri, ndiye anayefundisha watoto wa kipaimara, na siku ile ya harambee ndiye aliyekuwa akiandika majina ya watoaji.

Sikuja hapa kumshitaki mtu, kwa kuwa suala lenyewe liko mikononi mwa kikao cha wazee. Ninachouliza ni hiki: sisi tumezoea kumpima kiongozi kwa kiasi anachokitaja hadharani, na sasa kipimo hicho kimenivunjikia mikononi. Ukarimu wa kweli wa kiongozi wa Kikristo unaonekana wapi, na mimi ninayeshika funguo za hazina nitaujuaje, hata ndani yangu mwenyewe?

Mwinjilisti Mstaafu, Machame

Amina, mwanangu. Nimetumika uinjilisti hadi kustaafu, kwa hiyo safu hiyo tupu ninaifahamu kutoka upande wa pili, maana niliwahi kuwa jina lililoandikwa mbele yake.

Soma Nehemia sura ya 5. Watu hupenda kusimulia habari za ukuta wa Yerusalemu alioujenga upya, lakini moyo wangu mimi umekaa kwenye mistari ya 14 hadi 18. Nehemia alikuwa liwali katika nchi ya Yuda kwa miaka 12, na cheo hicho kilikuwa na fungu lake la chakula, ambalo maliwali waliomtangulia walilitoza kwa watu pamoja na divai na shekeli 40 za fedha. Yeye hakulila. Wakati huohuo mezani pake walikula Wayahudi 150, mbali na wageni waliotoka kwa mataifa jirani, na kila siku alichinjwa ng'ombe mmoja na kondoo sita wazuri. Tena anataja kwamba hawakununua shamba lolote, na hapo ndipo inapobidi usome polepole, kwa sababu mwanzoni mwa sura ileile watu wanalia kwamba wameweka rehani mashamba na mizabibu yao ili wapate nafaka wakati wa njaa. Mtu mwenye fedha na cheo angeweza kujipatia ardhi kwa bei ya dhiki, wala asiwepo wa kumuuliza. Mimi ukarimu wa kiongozi huanza kuutafuta hapo, katika kile ambacho alikuwa na haki au uwezo wa kukichukua akakiacha, kwa kuwa aliona mzigo wa watu ni mzito.

Nilitumika chini ya mchungaji mmoja ambaye sasa ni marehemu. Mnajua kwetu mchungaji akitembelea kaya haondoki mikono mitupu. Atapewa mkungu wa ndizi mshare, au kuku, au chupa ya maziwa, mara nyingine mayai yaliyofungwa kwa majani makavu ya mgomba. Yeye alikuwa na daftari dogo la shule, na kila jioni aliandika humo alichopewa na kilikokwenda. Nililiona siku moja tu, mvua ilipotukuta njiani akaniomba nilifiche ndani ya koti langu, na tulipojikinga chini ya paa la duka nikalifungua kuona kama limelowa. Wino ulikuwa umesambaa kidogo, lakini ilisomeka: kuku mmoja, kwa mama aliyejifungua, mkungu, nusu nyumbani, nusu kwa mlinzi, maziwa, tumekunywa sisi. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonigusa zaidi, kwa sababu mtu anayejitengenezea sifa asingeyaandika. Daftari hilo hakulisoma kanisani hata mara moja. Usharika ulipotaka kumchangia gari, aliwauliza wazee kama wainjilisti wote wa mitaa walikuwa wamelipwa, na ilipoonekana kwamba hawajalipwa akaomba gari lisubiri. Lilisubiri zaidi ya miaka miwili, naye akaendelea kuvuka makorongo kwa miguu.

Injili ya Kilutheri iliingia huku kwetu Machame mwaka 1893 kwa wamisionari wa Leipzig, na wamisionari hao wa Kijerumani walipoondolewa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walioendelea kuzishika sharika ni walimu na wainjilisti wazawa. Kwa hiyo nikiona posho ya mwinjilisti inaachwa tupu ili kiongozi ang'are kwenye harambee, huona tumesahau ni mabega ya nani yaliyolibeba kanisa hili.

Msharika wa Kijenge, Arusha

Shikamoo mzee, na pole kwako mtoa mada. Nakubaliana na mengi, ila naomba tusifanye siri kuwa ndiyo kipimo, kwa maana naona mazungumzo yanaweza kuelekea huko.

Katika 1 Mambo ya Nyakati sura ya 29, Daudi alitaja sadaka yake mbele ya kusanyiko zima, talanta 3,000 za dhahabu na talanta 7,000 za fedha, kisha akauliza ni nani mwingine atakayetoa kwa hiari, na wakuu wakatoa, na watu wakafurahi. Ni harambee kabisa. Lakini angalia alivyosema: alitenganisha kile alichokuwa ameiwekea nyumba ya Mungu akiba, na hazina aliyokuwa nayo yeye mwenyewe, akataja kwamba hiki cha pili ni mali yake. Kosa lililotokea usharikani kwenu halikuwa la kutaja kiasi hadharani. Kosa ni kwamba kiongozi aliwapa washarika fedha yao wenyewe, wakamshangilia.

Na siri nayo ina hatari yake. Nimeshuhudia kiongozi mmoja wa kanisa, ambaye simtaji wala simtaji alikotumika, akiwalipia vijana kadhaa ada kimyakimya, bila tangazo lolote. Kwa macho yetu alikuwa ametimiza Mathayo 6, kwamba mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume. Ulipofika uchaguzi wa wazee, wale vijana na wazazi wao hawakuweza kufungua kinywa dhidi ya jambo lolote alilolitaka, hata lile ambalo faraghani walisema ni baya. Hakuwadai kitu, deni walijua wenyewe kwamba lipo. Tangu wakati huo kila ninapoona msaada wa kiongozi ninajiuliza kama aliyesaidiwa amebaki huru kumwambia hapana.

Kuhusu kiasi, John Wesley, mhubiri Mwingereza aliyeanzisha Umethodisti, alieleza habari za kijana mmoja wa Oxford, ambaye wengi huamini kwamba ni yeye mwenyewe: alipopata paundi 30 kwa mwaka aliishi kwa 28 akatoa mbili, mwaka uliofuata alipopata 60 akaishi kwa 28 zilezile akatoa 32, na alipofika 120 bado aliishi kwa 28. Sisemi kila mchungaji afanye hivyo, kwani wengi wao wana watoto shuleni na mishahara yao ni midogo, lakini hesabu hiyo inaonyesha jambo ambalo harambee haionyeshi, yaani kile kilichobaki nyumbani kwa mtoaji.

Mama Mchungaji, Arusha

Bwana Yesu asifiwe, baba zangu na kaka zangu. Hapo aliposema kilichobaki nyumbani ndipo ninapotaka kuingia.

Nimeishi nyumba ya mchungaji kwa miaka 19. Timotheo anaambiwa kwamba askofu awe mkaribishaji, nasi tumekaribisha: wageni wa jimbo, wagonjwa wanaosubiri kwenda hospitali, vijana waliofukuzwa kwao. Mume wangu hujulikana kwa ukarimu, na ni haki yake. Lakini mwaka mmoja alimpa msafiri aliyekwama fedha tuliyokuwa tumeiweka kwa ajili ya ada ya binti yetu, bila kuniambia, na wiki iliyofuata mtoto akarudishwa nyumbani. Alikaa wiki mbili akinisaidia kuosha vyombo vya wageni. Nilimwambia mume wangu usiku, baada ya watu kulala, kwamba sifa ameipata yeye na gharama ameilipa mtoto ambaye hakuulizwa. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaenda kumwomba binti yetu msamaha, na huo kwangu ulikuwa utoaji mkubwa kuliko ule wa kwanza.

Siku hizi tunakaa pamoja kila mwisho wa mwezi, tunatenga bahasha ya wahitaji, na ikiisha anamwambia mgeni wazi kwamba hana. Inamuuma kusema hivyo, kwa sababu kiongozi hupenda kuonekana kwamba anacho.

Ninyi wazee mnapompima kiongozi, waulizeni pia walioko jikoni. Na msisahau kwamba kuna watu wanaotoa fedha kwa urahisi lakini nafasi hawaiachi kamwe. Barnaba aliuza shamba, ndiyo, lakini pia alikwenda Tarso kumtafuta Sauli, ambaye ndiye Paulo, akamleta Antiokia, na baadaye jina la Paulo likatangulia lake.

Mweka Hazina, Moshi

Nawashukuru sana, na wewe mzee wangu shikamoo. Kikao kimefanyika. Kiongozi wetu hakukana. Alisema alikusudia kuirudisha milioni ile lakini mambo yakamzidi, na ameanza kuirudisha kidogo kidogo. Mwinjilisti amelipwa miezi miwili, mmoja bado, na tumekubaliana kwamba kila mwezi vocha yake iandikwe ya kwanza.

Lakini nilipofika kwenye maneno ya Nehemia nilisimama. Mweka hazina kwetu ana fungu la nauli la kila mwezi, lililowekwa enzi ya mtu aliyekuwa akitoka mbali. Mimi nyumba yangu na kanisa vinatenganishwa na vihamba viwili tu, yaani mashamba ya migomba ya majirani. Nimelipokea tangu Januari bila kufikiri, na kwa kanuni ni halali. Mwezi huu sikuliandika. Je, na yale ya miezi iliyopita niyarudishe, au nitaonekana ninataka kumwaibisha kiongozi wangu?

Mwinjilisti Mstaafu, Machame

Marahaba, mwanangu. Rudisha, na mwambie yeye kabla hujawaambia wazee, ili asisikie kwa watu. Kisha risiti ya kupokea aiandike mtu mwingine, siyo wewe; hata Paulo, katika 2 Wakorintho 8, hakukubali kubeba changizo bila ndugu wengine kuambatana nalo. Na mwezi ule mmoja wa mwinjilisti uliobaki, ningefurahi fedha hiyo ikianzia huko.