Naombeni ushauri: picha nzuri za karatasi kutoka slaidi za rangi, kwa gharama nafuu

Mtulivu_Kiasi (mleta mada)
Wakuu, salaam. Nina slaidi za rangi za zamani, zile za fremu ndogo za mraba zinazoangaliwa kwa projekta. Nataka picha za karatasi, nzuri, za kutundika na za albamu, ila mfuko umetoboka. Je, kuna njia ya kuzichapa moja kwa moja bila kupitia kompyuta? Nasikia zamani ilikuwepo. Nina haraka kidogo. Wenye matusi pitieni kushoto.

Mzee_wa_Chumba_Cheusi
Ilikuwepo kijana wangu. Karatasi ya Cibachrome, baadaye ikaitwa Ilfochrome. Rangi zilikuwa tayari ndani ya karatasi. Unaimulika kupitia slaidi, halafu dawa inaondoa rangi isiyotakiwa. Ilikuwa inameta hiyo! Nimekesha nayo ujana wangu wote, macho yanawasha kwa dawa, mama watoto anagomba kwamba bafu limegeuzwa maabara. Siku hizi karatasi yenyewe haitengenezwi. Njia nyingine ilikuwa kuhamishia slaidi kwenye filamu ya negativu kisha kuchapa kutoka huko, lakini ukizubaa vivuli vinakuwa vyeusi tii na nyuso zinaungua kwa weupe. Kuna picha moja ya mvuvi niliyoichapa hivyo, nikitulia nitawasimulia.

Dada_Pikseli
Shikamoo mzee wangu, ila mwenzetu kaomba njia ya leo. Mleta mada, siku hizi slaidi inaskaniwa kwanza, ndipo mashine inachapa kutoka kwenye faili. Tuambie: ziko ngapi, unataka ukubwa gani, na ni filamu gani? Bila hayo tunapiga ramli.

Mtulivu_Kiasi
Si nyingi sana dada. Ukubwa wa kawaida tu.

Kaka_Tripodi
"Si nyingi sana" ni kauli ya mtu mwenye maboksi hadi uvunguni 😂

Mtulivu_Kiasi
Haya, kama mia nane hivi.

Dada_Pikseli
Sasa unaongea. Ukiskanisha mia nane zote utalia, maana kila moja inalipiwa. Zipange juu ya taa bapa, chukua kioo cha kukuzia, chuja bila huruma. Zinazostahili ukuta zitakuwa chache, na hizo ndizo za kulipia skana ya filamu. Picha ya slaidi ni milimita 24 kwa 36. Ukiiskani kwa nukta 4000 kwa inchi unapata pikseli kama 5,600 kwa 3,700, na ukichapa kwa nukta 300 inatosha karatasi ya inchi 12 kwa 18 bila kupwaya. Usidanganywe na namba kubwa zilizoandikwa kwenye maboksi ya skana bapa, zile za kioo za kuskania karatasi. Inachoona kweli ni pungufu sana ya hapo.

Mtulivu_Kiasi
Hapo kwenye skana bapa… mimi tayari ninayo. Mpya kabisa. Ila slaidi zinatoka nyeusi. Nadhani kuna mahali pa kurekebisha kwenye programu.

Kaka_Tripodi
Mfuniko wake una taa?

Mtulivu_Kiasi
Ni mweupe wa kawaida. Muuzaji alisema inasoma kila kitu. Sioni sababu ya kutafuta nyingine wakati hii haijamaliza hata mwezi.

Kaka_Tripodi
Basi itasoma vyeti vyako mpaka uchoke. Slaidi inahitaji mwanga upite ndani yake, na hiyo mashine inamulika kutoka chini tu. Hakuna programu ya kurekebisha hilo. Azima kamera na lenzi ya makro, ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, inayofika 1:1, yaani kitu kinachukuliwa kwa ukubwa wake halisi. Slaidi juu ya taa bapa yenye mwanga mweupe wa kuaminika, kamera kwenye tripodi, tundu la lenzi f/8, piga RAW (faili ghafi), zima taa za chumba. Vumbi lipulize kwa mpira wa hewa, si kwa mdomo. Mate yakitua hapo umejiongezea kazi. Kwa picha za albamu inatosha kabisa.

Mama_Wosia
Mimi sijui makro. Nauliza, hizo slaidi ni za nani? Mbona unazungukazunguka?

Mtulivu_Kiasi
Za baba mkwe. Hajui kama ninazo, mke wangu alizibeba. Wanatimiza miaka 50 ya ndoa hivi karibuni, tunataka kuwashtukiza. Nimeshaanza kufikiria kuzichomoa kwenye fremu zake ili zilale vizuri kwenye kioo cha skana.

Mama_Wosia
Mali ya mkwe inabebwa kimya kimya, halafu inachanwa fremu! Mwanangu, siku akiiulizia utaficha wapi uso? Mwambieni hata mama mkwe basi.

Dada_Pikseli
USICHOMOE KITU. Utaacha alama za vidole na mikwaruzo, na bado zitatoka nyeusi.

Mtulivu_Kiasi
Jamani tulieni. Ni Kodachrome tupu, ile filamu ya slaidi ya Kodak, maboksi yameandikwa, na hizo hazipauki ovyo. Hata za mjukuu wake wa kwanza, 2013, rangi bado mbichi.

Mchungulia_Nyuzi
Chai hii! Kodak waliacha kutengeneza Kodachrome 2009. Maabara ya mwisho kuisafisha, Dwayne's Photo ya Parsons, Kansas, ilifunga mapokezi ya roli tarehe 30 Desemba 2010. Huyo mjukuu wa 2013 alisafishiwa mbinguni? Hakuna mkwe wala ndoa hapa, jamaa anatafuta pa kuuzia skana yake mbovu.

Kaka_Tripodi
😂😂 Nilikuwa namhurumia kumbe!

Mzee_wa_Chumba_Cheusi
Msimhukumu kwa boksi. Sisi wa zamani hatutupi boksi. Kijana, shika slaidi, tafuta upande usiong'aa, inamisha kwenye mwanga. Kodachrome utaona picha imeinuka kidogo, imechongeka. Za 2013 naamini ni filamu ya E-6, yaani inayosafishwa kwa dawa za kawaida za slaidi, kama Ektachrome au Fujichrome. Na si ubishi wa bure huu: skana zinazofuta vumbi kwa infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, hufanya kazi vizuri kwa E-6, lakini Kodachrome huzichanganya, zinaweza kufuta na sehemu za picha. Wape studio mafungu mawili, uwaambie lipi ni lipi.

Mtulivu_Kiasi
Mchungulia, nitunge uongo wa slaidi ili nipate nini? Nimeinamisha. Za zamani zimechongeka kweli, za mjukuu ni laini. Asante mzee. Basi nitachuja thelathini, nipeleke studio. Nimeshawaambia wachape inchi 8 kwa 10.

Kaka_Tripodi
Slaidi ni mbili kwa tatu. 8 kwa 10 itakata pembeni, na wa pembeni kwenye picha za familia huwa ndio mashangazi. Sema 8 kwa 12.

Mtulivu_Kiasi
Fremu za 8 kwa 10 nimeshanunua.

Mchungulia_Nyuzi
Sasa nimeanza kuamini. Hakuna anayeweza kutunga mtu wa hivi.

Dada_Pikseli
Waambie wasikate. Picha ikae nzima kwa upana wa inchi 10, kimo kitakuwa 6 na ushee, nyeupe ibaki juu na chini. Na kagua wasiigeuze kushoto kulia. Kama kuna maandishi kwenye picha, yasome kabla hujalipa.