Naandika hadithi ya sokwe na watu kuishi pamoja Kibirizi, imekuwa ya kipole mno, nisaidieni

Mwana_Ziwa
Wakuu za humu. Niko Kigoma, nimeanza kuandika hadithi ya zile wanaita solapanki, yani maisha ya mbeleni watu wameacha kuharibu, umeme wa jua, kila kiumbe na nafasi yake. Nimeiweka Kibirizi miaka 100 ijayo, kuna baraza la kijiji wanakaa watu, sokwe waliotoka hifadhi ya Gombe, nyani, na kuhe mmoja mzee yuko kwenye karai la maji anawakilisha samaki wote (msicheke). Sasa nimemsomea dada angu kaniambia hii ni sungura na fisi iliyofungwa sola, kila mnyama anaongea kama mwenyekiti wa mtaa. Imeniuma ila kweli sura ya nne nimekwama, hakuna ugomvi. Niwanyamazishe wanyama, au nilete kampuni kutoka nje inataka kukata msitu?

Karabai_Zima
Kampuni ya nini mkuu, ugomvi unao kwenye hiyo hiyo sola. Mi navua dagaa, zamani karabai, saivi wengi tumehamia taa za betri na sola, hazina moshi, kwenye hadithi yako hayo ndo maendeleo si ndio? Haya muulize dagaa. Vijidudu anavyokula vinasogea kwenye mwanga, nae anavifata, samaki mgebuka anamfata yeye, wote wavuni. Ndo mana mbalamwezi ikikolea tunalala nyumbani, ziwa lote lina mwanga nani ataiona taa yako. Alafu kuhe anakula samaki wenzie, umemkalisha paka awasemee panya 😂

Msitu_Mbichi
Nishabeba mizigo ya wageni Gombe. Sokwe wanawinda mbega wekundu na nyama wanaombana kama watu kwenye sherehe, kwahiyo mbega kwenye baraza lako anakaa karibu na nani? Lingine, mafua yetu yanawaua. 1966 polio iliwaingia, wengine walipooza. Ndo mana mgeni anaambiwa akae mbali na akiwa anakohoa apande boti arudi. Wewe umewabananisha benchi moja! Gombe kenyewe ni kipande kidogo, vilima vya nje vililimwa mpaka juu, sokwe anachotaka kwako ni njia ya miti apite aende zake, kiti hana shida nacho.

Mzinga_Tbr
Huku Tabora jibu lipo porini. Ndege wa asali anakuja anakulilia, unamfata mti kwa mti mpaka kwenye nyuki, unapasua, unabeba asali, yeye anakula nta na majana. Hajui Kinyamwezi wala hamjawahi kukaa kikao. Na wazee wanasema ukimnyima masega siku nyingine anakupeleka kwa nyoka. Andika hivyo, kila mmoja ana anachotaka na mwenzie anacho.

Dogo_Mwandiga
Nafatilia, ikiisha nistue

Mwana_Ziwa
Aisee nilikuwa nishaanza kulipenda lile karai. Basi baraza nafuta, sokwe haongei, anapita tu juu kwenye miti na watu wa chini wanajifunika mdomo akipita. Ugomvi nauweka kwenye taa, kijiji kinaamua zizimwe kwa msimu dagaa azaliane. Karabai, kwa mtu wa ziwani hiyo inakaaje, watakubali?

Karabai_Zima
Hiyo mbona tushaiishi. 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti. Mtaani mwezi wa kwanza watu wanasema sawa samaki wapumzike, wa pili mtu anakopa unga, wa tatu unasikia usiku mtumbwi unasukumwa polepole bila taa na unajua kabisa ni wa nani, maana ni jirani yako, na watoto wake umewaona mchana. Huyo ndo mtu wako wa sura ya nne. Usimfanye mbaya.

Mwana_Ziwa
Nimeshampa mtumbwi. Naandika usiku huu.