Tumelipishwa kuku mbichi, kokteli za kukisia na ada ya huduma tusiyoambiwa

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Jumamosi usiku tulikwenda marafiki kadhaa kumpongeza mwenzetu aliyepandishwa cheo, katika baa moja yenye shamrashamra katikati ya jiji, inayojitangaza kuwa ni gastropabu na baa ya kokteli. Jina lake nalihifadhi kwa sasa kwa sababu nimewaandikia barua rasmi na ninasubiri majibu, lakini yaliyotupata nayaweka hapa yote.

Jina gastropabu lilianzia London mwaka 1991, pale David Eyre na Mike Belben walipoichukua baa ya The Eagle na kuamua kwamba mahali pa kunywea pia panaweza kupika chakula cha maana, bila vitambaa vyeupe mezani wala ukumbi wa kifahari. Kiini cha wazo lao ni kwamba jiko lipewe uzito uleule unaopewa kaunta. Anayelibandika jina hilo mlangoni kwake amemwahidi mteja jambo, na mteja ana haki ya kulidai.

Sasa mlitazame jiko la hawa tuliowatembelea. Kuku wa kuoka aliletwa akiwa na ngozi nzuri ya rangi ya dhahabu, lakini kisu kilipofika karibu na mfupa wa paja, nyama ilikuwa ya waridi, inateleza, na ni ya baridi. Ubaridi huo ndio ulionitisha kuliko rangi, maana kuku aliyeiva sawasawa anaweza kubaki na wekundu kidogo karibu na mfupa. Kisichowezekana ni nyama hiyo kuwa imefikia nyuzi joto 74 za Selsiasi, kiwango kinachotakiwa ili bakteria kama salmonela wafe, kisha ifike mezani ikiwa baridi ndani ilhali ngozi ya juu bado inaunguza vidole. Huyo alikuwa kuku aliyetolewa kwenye friza akaingizwa motoni kabla barafu haijamtoka. Nilipomwita mhudumu, akaniambia kwamba ndivyo mpishi wao anavyompika. Nilisisitiza, akamchukua, na baada ya muda mrefu akarudi naye yuleyule, kipande nilichokikata kikiwa bado kimelala pembeni ya sahani, akiwa amepashwa kwenye maikrowevu hadi ngozi ikalegea kama karatasi iliyolowa. Hakuna aliyeomba radhi, na hakuna aliyeuliza kama kuna mtu aliyekwisha kuila nyama ile.

Nilihamia kaunta nikidhani kwamba angalau vinywaji vitatufuta machozi. Niliagiza Negroni, kinywaji ambacho hakina siri yoyote: jini, Campari (pombe nyekundu chungu) na vermuti nyekundu kwa vipimo sawa, mililita 30 kila kimoja kwa mujibu wa Chama cha Kimataifa cha Wahudumu wa Baa, vikorogwe na barafu hadi vipoe. Kijana wa kaunta hakugusa toti, kile kikombe kidogo cha kupimia pombe, hata mara moja. Alimimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa huku akiongea na mwenzake, jini ikaingia kidogo, Campari ikafurika, kisha glasi ikajazwa vipande vidogo vya barafu vilivyokuwa vimelala kwenye ndoo yenye maji. Barafu ya namna hiyo huyeyuka upesi, kwa hiyo kabla sijafika nusu ya glasi nilikuwa nakunywa maji machungu mekundu. Vermuti yenyewe ilikuwa imesimama rafuni chini ya taa za joto, chupa ikiwa imefunguliwa na imebaki robo. Vermuti ni mvinyo ulioongezewa pombe na viungo. Ikishafunguliwa hewa huanza kuiharibu, na ndiyo maana hutunzwa kwenye friji. Mtu anayeuza kokteli kwa bei ya ufundi hawezi kudai kwamba hajui jambo hilo.

Rafiki yangu aliagiza Daiquiri, yaani ramu, ndimu na sukari basi. Ndimu ilitoka kwenye chupa ya plastiki. Kinywaji chenye viungo vitatu tu hakina mahali pa kuificha ndimu iliyochacha. Alipoagiza tena, glasi ya pili ilikuja kali mno kiasi kwamba aliiacha. Jambo hili la kutopima halihusu ladha peke yake, na naomba wenye baa walisikie: mtu mzima anayejihesabia vinywaji ili arudi nyumbani salama hawezi kujihesabia chochote iwapo glasi moja ina nusu toti na inayofuata ina toti tatu.

Kelele nazo zilikuwa za kutesa. Tulikuwa tukiongea kwa kupigiana mayowe masikioni, na mhudumu aliandika oda zetu kwa kukisia midomo, ndiyo maana tuliletewa vitu ambavyo hatukuviagiza. Nilipima kwa programu ya simu, ambayo najua si kifaa cha kitaalamu, nayo ilizunguka kwenye desibeli 95. Kwa viwango vinavyotumika kulinda wafanyakazi, desibeli 85 huvumilika kwa saa 8, na kila zinapoongezeka 3 muda huo hupungua kwa nusu, hivyo kwenye 94 inabaki saa 1 tu. Sisi tuliondoka, lakini wale vijana wanabaki mle hadi alfajiri, usiku baada ya usiku, bila kizibo chochote masikioni. Hilo lilinikera kuliko Negroni yangu, na mwenye baa anapaswa kuwajibika kwalo.

Kisha ikaja bili. Kuku amelipishwa bei kamili. Kuna raundi ya vinywaji ambayo haikuwahi kufika mezani. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kuna ada ya huduma ambayo haikuandikwa kwenye menyu wala kutajwa na mtu yeyote tulipokuwa tunakaa. Niliomba kumwona meneja. Alikuja, akasikiliza kwa dakika chache huku macho yakiwa mlangoni, akasema kwamba mfumo hauruhusu kufuta kitu kikishaingizwa. Nilipomuuliza iwapo ada hiyo inawafikia wahudumu, alinyamaza, na mhudumu wetu aliyekuwa amesimama nyuma yake akatazama chini.

Ninachodai kiko wazi: warudishe fedha za kuku, za raundi ambayo hatukuiona na za ada ya huduma, waiandike ada hiyo kwenye menyu mahali panaposomeka au waiondoe kabisa, na jiko lao likaguliwe na afisa afya kabla hawajamlaza mtu hospitalini. Picha za sahani na bili ninazo, na barua kwa ofisi ya afya nitaipeleka mwenyewe kesho asubuhi, iwe wamenijibu au hawajanijibu. Kama kuna mwingine aliyelipishwa ada ya namna hiyo bila kuambiwa, aeleze hapa aliidai vipi hadi akarudishiwa.