Fizi zinatoa damu: probayotiki, dawa ya kusukutua au nikakwanguliwe ugaga?

Mnyalu wa Kihesa: Wakuu habari za baridi. Mwezi wa pili huu nikipiga mswaki natema pinki, jana nimeuma hindi la kuchoma nikaona damu kwenye punje. Duka la dawa dada kanipa machaguo mawili, probayotiki za kumung'unya, yaani vidonge vya bakteria wazuri (boksi elfu 60!!), au klorheksidini, ile dawa ya kusukutua. Nichukue ipi?

Bint Uyole: Klorheksidini nilipewa wiki mbili nilipong'oa jino, fizi zilitulia kweli ila meno yalipiga rangi ya kahawia na ugali nikawa nausikia kama nakula karatasi. Ile inaua bakteria wote wazuri na wabaya, sio ya kusukutua miezi na miezi.

Mkwangua Ugaga (Mafinga): Nafanya kazi kitengo cha meno. Probayotiki sio utapeli, iliyojaribiwa sana kwenye fizi ni Lactobacillus reuteri, inagombania nafasi na wabaya kina Porphyromonas gingivalis na kutuliza uvimbe, ila unamung'unya taratibu, ukimeza kama panado hela imeenda. Sasa shida iko hapa: kwenye tafiti nyingi watu walikwanguliwa ugaga KWANZA ndo wakapewa, na nafuu ya ziada ilikuwa ndogo tu, ukiacha kutumia hao bakteria wazuri wanapotea. Ugaga ni jiwe mkuu, hakuna bakteria wa kulibandua. Fizi zikiwa zimevimba tu zinarudi kawaida, mfupa unaoshika meno ukishaliwa ndo basi tena.

Fundi wa Sido: Na mtindi je? Bibi yangu Njombe anakunywa toka utoto na mahindi anatafuna

Mkwangua Ugaga: Mnywe, ila bakteria wa mtindi sio lazima wawe hao, halafu unapita mdomoni sekunde mbili tu. Mnyalu unavuta sigara? Kisukari umepima?

Mnyalu wa Kihesa: Sukari sijapima. Sigara mbili tatu nikiwa kwenye ulanzi

Bint Uyole: mbili tatu za kwenye ulanzi tunazijua 😂

Mkwangua Ugaga: Sigara inapunguza damu kutoka kwenye fizi, watu wanadhani wako salama. Wewe unavuta na bado inatoka, usichelewe.

Mnyalu wa Kihesa: Alhamisi naenda. Ila kukwangua kunauma?

Mkwangua Ugaga: Inategemea. Mara ya mwisho ulisafisha lini?

Mnyalu wa Kihesa: Nina miaka 41. Sijawahi