Semina elekezi kwa wanachama wapya wa bima ya afya ya umma: iwe sharti la kutumia kadi?

Mtunga Kanuni
Wakuu, naomba mchango wenu. Kuna rasimu ya kanuni inayotaka kila mwanachama mpya wa bima ya afya ya umma ahudhurie semina elekezi ya saa tatu ndani ya siku 30, na kadi yake isifanye kazi mpaka ahudhurie. Sababu zilizotolewa zina uzito. Watu wanakwenda hospitali kubwa bila rufaa na kurudishwa, wanatibiwa kwenye vituo visivyo na mkataba kisha bili inawaangukia, wengine wanakimbilia kitengo cha dharura kwa mafua. Je, sharti hili litasaidia? Na semina yenyewe iwe na nini ndani?

Mchambuzi wa Sera
Rasimu imefunga pamoja mambo mawili yanayopaswa kutenganishwa: mafunzo, na siku bima inapoanza. Kadi ianze kazi siku inapotolewa. Mafunzo yafuate.

Angalia ni nani atakosa semina: anayefanya kazi za zamu, mama mwenye kichanga, asiyeweza kutembea, anayeishi mbali, na mgonjwa ambaye amejiandikisha kwa sababu tayari anaumwa. Hao ndio bima ilianzishwa kwa ajili yao. Upande wa pili kuna kijana mwenye afya njema ambaye haoni haraka. Akikutana na kikwazo anaacha kabisa, na mfuko unabaki na wenye gharama kubwa peke yao.

Kuna pia tatizo la ushahidi. Mtu anaweza kuwa amehudhuria lakini jina lake halikuingizwa kwenye mfumo, au limeandikwa tofauti na kitambulisho. Mwaka 2018 jimbo la Arkansas, Marekani, liliwataka baadhi ya wanufaika wa Medicaid, bima ya umma ya huko kwa watu wa kipato cha chini, waripoti saa 80 za kazi au shughuli nyingine kila mwezi. Kabla ya mwaka kwisha, zaidi ya watu 18,000 walikuwa wamepoteza bima. Utafiti uliofuata haukuona ongezeko la ajira, na ulikuta kwamba walio wengi kati ya waliolengwa walikuwa tayari wametimiza sharti au walistahili msamaha. Mahakama ililisimamisha Machi 2019. Lile lilikuwa sharti la kazi, si la semina, lakini njia ya mtu kuanguka ni ileile: ametimiza, ila hakuweza kuthibitisha.

Dawati la Usajili
Mimi nijibu la pili. Saa tatu ni nyingi mno. Dakika 30 hadi 40 zinatosha, kwa kikundi kisichozidi watu 15, kwa lugha wanayoitumia nyumbani.

Anzeni na kadi mkononi, si hotuba. Kila mtu asome jina, tarehe ya kuzaliwa na orodha ya wategemezi wake. Herufi moja ikikosewa, uhakiki dirishani unakwama, na mgonjwa anaambiwa hayumo. Kosa lirekebishwe palepale, kwa hiyo lazima awepo mtu mwenye idhini ya kuingia kwenye mfumo. Semina isiyo na mtu huyo inapoteza nusu ya faida yake.

Kisha achague kituo chake cha msingi kabla hajaondoka, akijua saa za kufungua na namba ya simu. Rufaa ielezwe kwa kuonyesha barua halisi: huduma iliyoombwa, kituo anachopelekwa, tarehe ya mwisho. Watu wengi hawajui kwamba barua ya rufaa huisha muda.

Dharura isemwe kwa dalili, maana neno lenyewe kila mtu analielewa kivyake: kushindwa kupumua, maumivu ya kifua, upande mmoja wa mwili kulegea ghafla, degedege, damu isiyokatika, mjamzito kutoka damu, kichanga kukataa kunyonya. Kwa hayo aende kituo cha karibu chenye uwezo, asisubiri rufaa.

Mwenye kisukari, shinikizo la damu au dawa yoyote ya kila siku aje na pakiti zake. Hakikini kama dawa hiyo imo kwenye orodha ya bima au ipo mbadala wake, na apate miadi kabla haijamwishia. Hili lisiachwe hata kama muda umebana.

Msiulize "mmeelewa?" Wote wataitikia ndiyo. Ulizeni: "Mtoto ana homa tangu jioni, ananyonya na kucheza, utaanzia wapi?" Jibu ndilo litakaloonyesha mliposhindwa kueleza.

Mkaguzi wa Madai
Nakubaliana na dawati, ila msiahidi kwamba semina itapunguza msongamano wa dharura. Jimbo la Oregon, Marekani, liligawa nafasi za Medicaid kwa bahati nasibu mwaka 2008, na waliopata bima walitumia vitengo vya dharura kwa takriban asilimia 40 zaidi katika miezi 18 iliyofuatiliwa. Kituo cha msingi kikifungwa mchana, anayejua utaratibu wote bado ataishia dharura usiku.

Pimeni vitu vingine badala ya mahudhurio: wangapi wamefika kituo cha msingi ndani ya siku 90, madai mangapi yamekataliwa kwa kukosa rufaa, mangapi kwa taarifa zisizolingana. Linganisheni waliopata mafunzo na wasiopata, mkikumbuka kwamba wanaojitokeza wenyewe mara nyingi ni wale wanaofuatilia mambo yao hata bila semina.

Mtunga Kanuni
Asanteni. Hofu iliyobaki ni kwamba bila sharti hawatakuja.

Mchambuzi wa Sera
Basi sharti liwekwe kwa mfuko, si kwa mwanachama. Kanuni za Medicaid Marekani zinaitaka kampuni inayosimamia wanachama ijitahidi kutathmini mahitaji ya kila mwanachama mpya ndani ya siku 90, na kujaribu tena ikimkosa. Mkuu, andika hivi: "Mfuko utampa kila mwanachama mpya mafunzo elekezi ndani ya siku 90, ana kwa ana, kwa simu au kituoni anapokwenda kutibiwa mara ya kwanza. Kutopata mafunzo hakutazuia wala kuchelewesha huduma."

Dawati la Usajili
Ongeza idadi, la sivyo simu moja ya saa nne asubuhi itahesabiwa kuwa juhudi. Angalau majaribio matatu, siku tofauti, moja jioni au mwisho wa wiki. Na fomu ya usajili iwe na nafasi ya namba ya pili, ya jirani au ndugu anayekubaliwa na mwanachama, kwa sababu namba za simu hubadilika.

Mkaguzi wa Madai
Kwa namba hiyo ya pili aombwe tu mwanachama apige simu. Habari za ugonjwa au dawa zisitajwe.