Tupeane uzoefu: waandishi wa riwaya za fantasia, mlitokaje kwenye ramani mkaingia kwenye hadithi?

Mleta mada

Habari za wakati huu, ndugu waandishi. Kwa miaka minne nimekuwa nikijenga ulimwengu wa riwaya yangu ya kwanza ya fantasia, yaani hadithi ya ulimwengu wa kubuni wenye maajabu. Nina madaftari saba: moja la nasaba za wafalme, moja la mimea, mawili ya vita vilivyopiganwa kabla mhusika wangu hajazaliwa, na mengine ya sheria na desturi, juu ya hayo nina ramani niliyoichora upya mara 11. Nisichokuwa nacho ni sura ya kwanza inayosomeka. Kila ninapokaa kuandika tukio, nagundua kwamba sijui ushuru wa mji wa bandari ulikusanywaje, narudi kwenye daftari, na jioni inakwisha. Kazi hiyo naipenda kwa dhati, lakini nimeanza kuogopa kwamba ndiyo njia yangu ya kuikimbia hadithi. Naomba mliofika mwisho wa muswada hata mmoja mnisimulie jambo hasa lililowavusha.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, ramani si kosa. Mwandishi Mmarekani Ursula K. Le Guin alichora ramani ya visiwa vya kubuni vya Earthsea kabla ya kuandika riwaya yake ya kwanza kuhusu visiwa hivyo, iliyotoka mwaka 1968. J.R.R. Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, naye alianza na lugha alizozibuni, akasema hadithi zilikuja ili lugha hizo zipate ulimwengu wa kuishi. Hata hivyo Tolkien huyohuyo alifariki mwaka 1973 bila kuzikamilisha ngano za kale za ulimwengu wake huo alizokuwa akizishughulikia tangu ujana wake. Mwanawe Christopher ndiye aliyezihariri na kuzitoa mwaka 1977. Nalikumbuka hilo kila ninapofungua daftari jipya.

Kilichonivusha mimi ni kuuliza nani anapoteza nini. Katika ulimwengu wangu, kila aitaye mvua hupoteza kumbukumbu moja, na kanuni hiyo ilikaa daftarini miaka miwili kama kifungu cha sheria, imeandikwa vizuri, haimwumizi mtu. Jioni moja nilijiuliza ni kumbukumbu ipi ambayo mama aliyefiwa na mtoto angekataa kuitoa hata kama kijiji kizima kinakufa kwa kiu. Nilianza kuandika kabla sijala, na sura ile ndiyo iliyobaki karibu kama ilivyotoka siku ya kwanza.

Mchangiaji wa pili

Mimi nilitumia nidhamu tu. Alfajiri ilikuwa ya hadithi, jioni ya madaftari, na sikuruhusu daftari lifunguliwe kabla ya maneno 500 kuandikwa. Nilipofika kwenye jambo nisilolijua, niliacha mabano matupu na kuendelea. Baada ya miezi 14 muswada ulikuwa na mabano 118. Yaliyohitaji kujazwa yalikuwa 31. Mengine yote yalifutika pamoja na sentensi zake, bila msomaji wangu wa kwanza kuhisi pengo.

Mchangiaji wa tatu

Naomba nieleze kwa urefu kidogo, kwa sababu kilichonivusha kilikuwa sarufi, na sikukitarajia.

Riwaya yangu ina jiwe lililolala msituni kwa miaka 300, kisha likaamka. Katika Kiswahili, kiumbe mwenye uhai huchukua upatanisho wa a- na wa- hata kama umbo la jina lake ni la ngeli nyingine, ndiyo maana twasema zimwi alikuja na mazimwi walikuja. Ukiandika "jiwe lilisema", msomaji anaona kitu kinachotoa sauti. Ukiandika "jiwe alisema", umekwisha kumwambia kwamba mle ndani mna mtu. Herufi moja inafanya kazi ambayo katika lugha nyingine huenda ingehitaji aya nzima. Mimi sikuliona hilo. Katika rasimu ya kwanza nilichanganya mitindo yote miwili bila mpango, na mhariri wangu akazizungushia zote wino mwekundu, akaandika pembeni swali moja: huyu ni hai au si hai?

Nilikuwa na kurasa zaidi ya 60 kuhusu asili ya mawe yale, na swali hilo sikuwahi kulijibu. Nilikaa nalo wiki tatu. Hatimaye niliamua kwamba jibu linategemea anayesema. Watu wa mjini, wanaoyahesabu mawe kuwa mali, wanasema "li". Watunza msitu wanasema "a". Mhusika wangu mkuu anaanza kitabu upande wa kwanza, na katika sura ya tisa, katikati ya sentensi moja, ulimi wake unahama. Hakuna anayelieleza tukio hilo, wala simulizi haisimami kulionyesha. Baada ya uamuzi huo niliweza kufuta kurasa sita ambazo mzee wa busara alikuwa akihutubia kuhusu roho za mawe, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba ulimwengu wangu ulikuwa ukisimuliwa na lugha yenyewe.

Jambo jingine dogo: kwa kuwa kitenzi chetu hakitofautishi mwanamke na mwanamume, mlinzi wa daraja katika riwaya yangu hajulikani jinsia yake kwa sura nne nzima, na sikulazimika kukwepa chochote.

Mchangiaji wa nne

Mchangiaji aliyetangulia amegusa palepale nilipokwama mimi, ila kwangu ilikuwa msamiati. Neno "uchawi" katika masikio ya wengi ni madhara yanayofanywa kwa siri, na "uganga" ni tiba. Mhusika wangu aliyeponya watu kwa "uchawi" alikuwa amehukumiwa kabla hajafanya lolote. Nilijaribu kubuni jina jipya, likasikika kama la duka la dawa. Mwishoni niliacha jina lolote la jumla na kubaki na vitenzi vya kawaida: kuita, kufunga, kufungua. Kwa watu wa nchi ile hiyo ni kazi, kama uvuvi, na nani huhitaji jina la ajabu kwa kazi ya kila siku?

Kisha zikaja siku za juma. Nchi isiyo na dini tunazozijua haiwezi kuwa na Ijumaa, kwa sababu neno lenyewe limebeba mkusanyiko wa ibada. Nikatunga juma la siku tisa, zenye namba zilizopangika vizuri, nikaridhika nalo sana, mpaka nilipoitazama kalenda yetu na kuona kwamba ina tano mbili: Jumatano, kwa hesabu inayoanzia Jumamosi, na Alhamisi, inayotokana na tano ya Kiarabu. Hapo wamekutana watu wa hesabu mbili na alama ikabaki. Kalenda yangu haikuwa na alama ya namna hiyo, ndiyo sababu haikuaminika. Nikaipa siku moja yenye namba isiyo yake, na bibi mmoja asiyekubali kuuza chochote siku hiyo.

Lakini kilichozaa hadithi kamili kilikuwa saa. Sisi huanza kuhesabu na macheo, na ulimwengu wangu una jua mbili zinazochomoza kwa nyakati tofauti. Saa moja ni ya jua lipi? Miji miwili iligombana kuhusu swali hilo, na ugomvi huo ndio riwaya yangu.

Mchangiaji wa tano

Nitaongeza moja tu. Isomeni tena Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Ni nchi iliyo angani, lakini sehemu kubwa ya tunayoyajua kuihusu tunayapata kwa sababu mhusika mkuu, Karama, yuko mbele ya mashtaka, anajitetea kwa visa vya wajumbe sita waliotumwa pande sita. Kesi ndiyo inayochagua kipi tukione. Baada ya kuisoma hivyo nilikata utangulizi wangu wa maneno 40,000, na iliniuma sana.

Mleta mada

Nawashukuru kwa moyo wote. Jana nilianza na swali la nani anapoteza nini, nikamweka mtoza ushuru wa bandari ambaye lazima amtoze dada yake mwenyewe anayetoroka kwa mashua usiku. Nimeandika maneno 612, mabano manne. Matatu ni ya viwango vya ushuru, na naona nitaweza kuishi bila kuyajaza. La nne liko pale dada anapouomba mto umpitishe, nao unamjibu, au anamjibu. Hapo nimeacha wazi, kwa sababu bado sijui huyu dada anaamini nini.